Ufa Chini ya Rangi ya Kijani

Alhamisi, Mangobo

Na bado magoti yananiuma kwa kucheza. Mutu mwenye wajukuu, peke yangu mbele ya atelier nzima ya meli, wenzangu wanaimba wimbo wa chama na Citoyen Directeur anapiga makofi: "Zungusha kiuno, citoyen!"

Kosa langu? Nilisema pont roulant, ile mashine ya juu ya kuinua vizito, isiinue moteur ya meli kesho mbele ya wageni. Sommier ya upande wa mto imepasuka. Ile njo boriti ya kwenye ncha ya pont, njo inabeba magurudumu. Ikikatika, magurudumu yanatoka kwenye reli, pont nzima inaanguka na mwenye kuiendesha. Bon. Akasema ninaharibu sikukuu, basi nicheze. Kiisha akanipa kopo ya rangi ya kijani nifunike ufa.

Nilifunika. Mara mbili.

Wengine walicheka kidogo, kwa woga. Amisi, conducteur wa ile pont, alicheka mpaka akashika tumbo. Amisi mwenye nilimufundisha kazi. Na njo yeye atapanda kesho katika cabine.

Jioni akanikuta kwenye robinet, ninanawa rangi. Hakucheka tena.

"Papa, sommier iko bien kweli?"

Directeur alikuwa amekwisha kwenda. Hakuna mutu mwengine angenisikia. Ningeweza kusema.

"Iko bien, mutoto yangu."

Sijawahi kumuita mutoto yangu. Akasema aksanti, akashika njia ya nyumbani, anapiga mluzi. Wimbo ule ule wenye nilichezea.