Ndoo Mkononi mwa Wariara

Konventi, karibu na Rongai,
22 Novemba 1953

Kwa ndugu yangu mpendwa Kipkemboi,

Pokea salamu nyingi za dada yako Chepkurui. Natumaini barua hii itakukuta mzima pamoja na wifi Chelangat na watoto. Je, goti la mama limepoa? Mwambie asibebe maji mpaka apone, na useme nimesema mimi, maana wewe najua hakusikii. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio hauna raha, na leo nitakueleza yote.

Barua zetu husomwa kwanza na Mama Mkuu, lakini hii hataiona. Nitampa mama Awuor, mke wa fundi wa reli, anayekuja hapa kununua maziwa.

Kipkemboi, nimechoka na kengele. Kuamka kengele, kula kengele, niko katikati ya kufua, kengele, naacha nguo kwenye povu. Nikitaka sindano napiga magoti kuomba ruhusa. Nikivunja kikombe nakula chakula cha mchana nimepiga magoti, vipande vimening'inia shingoni. Hayo nayaweza. Nilikuja kwa hiari yangu, na tarehe nane Desemba ndiyo siku ya nadhiri niliyoingoja miaka mitatu. Lakini kanuni moja imenishinda: tangu sala ya jioni mpaka baada ya misa ya asubuhi hakuna kufungua mdomo. Na ng'ombe wanakamuliwa kabla ya misa!

Wale wa kizungu hawana neno, unawakamua kimya na ndoo inajaa. Lakini yule mwekundu uliyeniletea siku nilipoingia, si unamjua? Bila kuimbiwa hatoi hata tone. Nilimweleza Sista Benedikta, mzungu anayetufundisha sisi wanovisi ambao hatujaweka nadhiri, akanijibu kwamba ng'ombe naye hana budi kujifunza kanuni. Jamani! Ng'ombe wa Londiani ajifunze utawa! Tangu azae, wiki mbili nilitoka zizini na ndoo tupu, na kila siku nikaambiwa ni uvivu, tena ni kiburi. Nilikuwa nalia kwa hasira huku nafagia kanisa.

Nilikuwa nakamua pamoja na novisi mwenzangu Wariara. Yeye ni Mkikuyu, mama yake Rahab alifanya kazi kwenye shamba moja la mzungu kule Njoro. Mambo ya mwaka huu unayajua: Wakikuyu wanatolewa mashambani, wanapakiwa kwenye malori, wanarudishwa rizavu, ile nchi waliyotengewa Wakikuyu. Wariara hakuguswa kwa sababu Mama Mkuu alimwandikia bwana DC, mkuu wa wilaya, kwamba huyu ni mtoto wa konventi. Lakini alikuwa ameshaandikiwa makosa mawili. La kwanza ni sahani iliyomponyoka. La pili, alisimama dirishani wakati wa sala, malori yakipita barabarani, akimtafuta mama yake. Akaonywa kwamba la tatu litamtoa.

Jumatatu iliyopita sauti ya mtu kuimba ikasikika zizini. Sista Benedikta akaja mbio, akamkuta Wariara anatoka mlangoni na ndoo ya ng'ombe mwekundu, imejaa pomoni. Basi, hakuuliza. Jioni tukaitwa kwenye baraza la makosa. Huko, kwa desturi yetu, mtu akishtakiwa hajitetei. Hata kama umesingiziwa unapiga magoti, unabusu sakafu, unasema nimekosa, kwa kuwa Bwana naye alinyamaza mbele ya Pilato. Wariara akapiga magoti, akabusu sakafu, akasema amekosa. Kesho yake akavuliwa shela, akapewa gauni lake la zamani, na kabla ya saa sita askari walikuwa wameshampeleka stesheni ya Nakuru apandishwe treni. Huko rizavu hamjui mtu. Alizaliwa Njoro.

Sasa nisikilize, ndugu yangu, na usinikatie tamaa. Aliyeimba ni mimi. Nilimwimbia ng'ombe ule wimbo wa mama, mdomo nimeufunga, akashusha maziwa yote. Nikampa Wariara ndoo aitoe nje ili nimfungulie ndama. Ni hilo tu. Pale barazani nilikuwa hatua mbili kutoka kwake, na hakuna kanuni inayokataza mtu kuungama kosa lake mwenyewe, ndiyo kazi ya baraza lile! Nikanyamaza, nikajidanganya kwamba ni utii. Utii gani! Niliogopa kuipoteza tarehe nane Desemba.

Alhamisi nilishindwa kuvumilia, nikaenda kwa Mama Mkuu nikamwambia yote. Nilidhani atapiga simu Nakuru papo hapo. Akasema kwamba lililokwisha kuamuliwa barazani halirudishwi, la sivyo wanovisi watawadharau wakubwa wao. Akaniamuru kwa utii nisimwambie mtu yeyote, nijiandae kwa nadhiri. Tena akanisifu kwa unyenyekevu wangu! Nilitamani kuipindua ile meza yake.

Hata hivyo nilikuwa bado nasitasita kuondoka, mpaka jana. Sista Benedikta alikuwa amepima maziwa ya Jumatatu ile, akaona ni mengi, akaomba ruhusa kwa Mama Mkuu. Ruhusa imetoka: ng'ombe mwekundu aimbiwe. Leo asubuhi nimemwimbia, ndoo imejaa, nikasimama nayo zizini peke yangu kama mjinga.

Basi nimekwambia wewe, na amri nimeshaivunja. Ijumaa njoo unichukue, na yule mbuzi wa sherehe ya nadhiri mwache nyumbani. Tutapitia kwanza kwa bwana DC Nakuru, nimwambie kosa ni langu, Wariara arudishwe. Huenda akanifukuza ofisini. Huenda Wariara mwenyewe hataki kuuona uso wangu tena, na hapo nitamlaumu nani? Nitasema hivyo hivyo.

Wasalimie wifi na watoto mmoja mmoja. Mama msalimie sana, ila haya usimsomee, nitamweleza mwenyewe nikifika. Na mkisali jioni, mtajeni Wariara kwa jina lake kabla ya kunitaja mimi.

Ni mimi dada yako,
Chepkurui