Bega Limeumizwa na Bunduki, Mama Anamshuku Boniphace

Shangazi Hilda, shikamoo. Naomba unisaidie kabla ya Jumapili, maana nimekoroga mambo na mimi kuongea mbele za watu naonaga aibu sana.

Nimemaliza kidato cha nne, naishi Bunda na mama. Baba mdogo Isaya ni mwindaji bingwa mwenye leseni, anaongoza wageni wanaowinda nyati, na juzi alipoenda uwanja wa shabaha kujaribu bunduki zake nilimbembeleza anipe ile kubwa nipige, kwa sababu tangu nikiwa mdogo nikimwona anavyoifuta, kile kitako cha mbao kinavyong'aa na zile risasi nene kama kidole gumba, moyo unanienda mbio. Akaniambia, "Ikumbatie begani. Ukiiogopa itakuumiza." Nikaiogopa, nikaishika kilegevu, ikanipiga teke nikakaa kwenye vumbi, na shangazi, badala ya kulia nilicheka kwa sauti mpaka wasaidizi wake wakageuka, mimi ambaye hata darasani nilikuwaga najibu kwa kunong'ona.

Sasa bega limevilia damu, kwenye kwaya siwezi kupiga makofi, na mama ameliona. Akauliza ni nani kanipiga, nikainama, akaamua ni Boniphace anayetuletea maziwa, eti kwa kuwa ananisalimia mno. Amemwita yeye na baba yake waje nyumbani Jumapili. Boniphace kwa kumwogopa baba yake ameshaomba msamaha, ila hajui wa nini. Nikisema ukweli mama atanikataza bunduki pamoja na chuo cha wanyamapori ninachotaka kuomba. Nifanyeje?

Yunis, Bunda

Marahaba, Yunis. Pole na bega. Nimecheka, halafu nimekasirika. Mtoto wa watu anatubu dhambi asiyoijua na wewe umeinama tu?

Baba yako mdogo amekosea. Anayejifunza huanza na bunduki ndogo, mwambie nimesema. Lakini wewe nawe umemshika mama yako kama ulivyoishika ile bunduki, kilegevu na kwa woga, ndiyo maana teke limemfikia muuza maziwa.

Leo hii, usingoje Jumapili, mkalishe mama, baba mdogo awepo na aseme sehemu yake. Mwonyeshe bega, taja bunduki, taja na chuo. Atafoka. Mwache afoke, alidhani mwanawe kapigwa. Akitulia, muulize anaogopa nini, umsikilize mpaka mwisho.

Kisha nenda mwenyewe kwa Boniphace, umtake radhi mbele ya baba yake. Na usinong'one. Sauti unayo, uwanja mzima wa shabaha uliisikia.