Kwa Mwaitu Mbula Nzau, Nesi wa Kwanza wa Zahanati Yetu

Mwaka umetimia, Mwaitu, tangu ulipotutoka ukiwa umekaa kwenye benchi la hospitali, na sisi watoto wako bado tunakuita Mwaitu, mama yetu, na kungoja utuitikie.

Vijana wanaosoma tangazo hili hawajui kwamba hospitali ile ya kwetu, upande wa Kanyangi, ilikuwa zahanati ya chumba kimoja cha mabati ulipotumwa huko, mwaka wa pili baada ya Uhuru. Wagonjwa walilala barazani na akina mama walijifungulia sakafuni. Ulikuwa na miaka ishirini na miwili, sare moja na sufuria ya kuchemshia sindano.

Serikali iliahidi wodi ya kujifungulia, ikaendelea kuahidi. Ndipo ukawaendea akina mama wa mwethya, kikundi chenu cha kusaidiana kazi za shamba, ukawaambia, "Serikali mpya ni sisi. Kama hatuna mchanga, hata serikali haina." Mkaubeba kwa karai kutoka mtoni, wewe ukijiunga nao ukitoka kazini, hadi wodi ikasimama. Sote tulizaliwa humo.

Nyumbani ulikuwa mkali. Kabla ya chai kila mtu alionyesha kucha, hata pasta. Baba alilalamika kwamba ameoa askari, kisha akaenda kunawa. Ulipostaafu, ulirudi kila Alhamisi kukunja mashuka ya wodi bila kuombwa na mtu.

Siku ile ulikuwa umeshika kifua tangu alfajiri. Wanao Mutiso na Ndunge wakakupeleka kwenye hospitali hiyo hiyo. Miaka sitini baada ya Uhuru, daktari aliyekuwepo alikuwa mmoja, na mbele yenu alikaa mama kijana aliyempakata mtoto mwenye degedege. Nesi akakuuliza, akikuita bibi kwa heshima, "Susu, unasikia uchungu wapi?"

Ukamtazama yule mtoto. "Ni magoti tu. Wacha nikae kwa laini kama hawa wengine."

Ndunge alifungua mdomo, ukamfinya mkono. "Nyamaza, usiniaibishe. Huyo mtoto aende kwanza." Wakanyamaza kwa heshima, watu wazima wenye mvi. Ulilaza kichwa begani mwa Mutiso, wakadhani umesinzia.

Mtoto alipona. Mama yake, Kavata, alimleta kwenye mazishi yako, maana alisikia tu kwamba nesi mzee amefariki. Hatukumwambia kwamba ulimpisha mwanawe. Hana hatia, na uliyechagua ni wewe.

Watu wanatuambia tujivunie. Tunajaribu, Mwaitu, lakini tuna uchungu, na siku nyingine tunakukasirikia. Kama hospitali uliyoibebea mchanga ingekuwa na madaktari wawili, usingelazimika kuchagua. Tunajua ukirudishwa kwenye benchi lile utamfinya Ndunge mkono tena. Safari hii tungekukosea heshima mbele ya watu wote. Tungepiga kelele.

Unakumbukwa na mume wako Nzau. Watoto wako Mutiso, Ndunge na Musyimi. Wajukuu waliokuita Susu. Na Kanyiva na Wayua, ambao ndio pekee waliobaki katika mwethya ule.

Kwetu hutasahaulika, Mwaitu, siku zote.