Rangi Kwenye Mtaro

Jumatatu, 4 Machi

Mvua ya kwanza leo. Wifi yangu amerudi na ndoo tupu. Chaza wamekufa tena pale mtaro wa mvua unapomwagikia baharini. Povu, amesema, na harufu. Hao chaza ndio wanamlisha yeye na wanawe. Nimekasirika! Na mhusika namjua: fundi magari wa mtaa wa pili. Oili kila mahali, mvua ikipita inazoa yote. Sitapoa mpaka bomba lake lizibwe.

Jumanne, 5 Machi

Nyumba kwa nyumba na karatasi ya kutaka gereji ifungwe. Sahihi arobaini na moja, na miguu imevimba. Fundi magari nimempasha mwenyewe, usoni. Akaanza kueleza habari za shimo alilochimba nyuma ya gereji la kukusanyia oili. Sikumsubiri amalize.

Alhamisi, 7 Machi

Fundi bomba wa mtaani kwetu amesema tuhakikishe kabla ya kupeleka karatasi kwenye kikao cha mtaa. Mafundi bomba hufanya hivi: wanamimina rangi na maji mengi kwenye shimo la maji, mtu anasubiri mwisho wa mtaro aone kama itatokea. Wifi akasimama ufukweni na simu. Gereji tukaweka nyekundu. Saa nzima — hakuna. Nikasema labda rangi ni kidogo. Fundi bomba akasema tujaribu na majirani, hata kwangu, tusije tukaonekana tunamwonea mtu. Nikacheka. Ya kijani nikaimimina mwenyewe, pale mashine zangu za kufulia zinapotoa maji.

Dakika kumi na mbili, simu ikalia. Wifi alisema neno moja tu, "Kijani," akakata.

Miaka sita iliyopita niliongeza mashine mbili, zikawa nne. Wateja walikuwa wamejaa mlangoni, nikamwambia fundi wa wakati ule aunganishe zote na bomba lolote lililo karibu. Lililo karibu ni la mvua! Miaka sita sabuni yangu inalala mtaroni, mvua ikija inaisukuma hadi kwa wifi. Dobi mzima, najisifu kwa usafi. Nimeona aibu mpaka masikio yamepata moto.

Fundi bomba akasogea karibu. "Tunajua watatu tu. Ninyamaze?"

"Ziba," nikamwambia. "Sasa hivi."

Mashine nne zimesimama. Sare za hospitali ziko majini, nitazisuuza kwa mikono na maji nitayabeba kwa ndoo hadi kwenye bomba la maji machafu. Nitaweza.

Ijumaa, 8 Machi

Asubuhi gereji, kabla ya kufungua duka. Nimemkuta fundi magari juu ya ngazi, anang'oa kibao chake. Mwenye jengo ameiona karatasi yangu, amempa mpaka kesho awe amehama.

"Umeshinda, dada," akasema bila kugeuka. "Sina ugomvi."

Nikaishika ngazi isiyumbe. Nikamwambia aache, maji machafu ni yangu. Hakunisikia vizuri, au hakuamini. Nikarudia kwa sauti, na wapita njia wakasimama kusikiliza. Nikaanza kusimulia, tangu lile bomba la miaka sita iliyopita. Yeye juu, nyundo mkononi, kibao kimebaki na msumari mmoja, akageuka kunisikiliza.