Gauni la Sidi Mdogo

Mama Kadzo,

Gauni ulilokuwa ukilifuma mwisho wa maisha yako halikuwa na mwenyewe. Mtoto wa Kadzo alizaliwa bila pumzi. Nilijua asubuhi ile ile, nikakuficha, nikaendelea kukusomea mistari ya kile kijitabu kana kwamba kule Shella, kwa binti yetu, kuna mtoto anayengoja kuvishwa. Ulikufa ukiamini una mjukuu mwenye jina lako.

Ninakuandikia kwa sababu muda umeniishia. Miguu imejaa maji, na nikitoka kitandani kwenda barazani inanibidi nishike mlango nipumzike. Daktari alizungumza na mpwa wangu faraghani, hakuzungumza nami, kwa hiyo nimeelewa. Juzi mchungaji alikuja akaniuliza kama kuna jambo linalonilemea. Nikamwambia hakuna. Alipoondoka niliona haya, nawe ndiye niliyekuonea haya, wala si yeye.

Nyumba ni ile ile. Mnazi wa karibu na choo ulianguka, ukabomoa ua, na ua haukujengwa tena. Vitambaa vyako vya makochi nilivifua mwenyewe mpaka mikono ikakataa. Sasa vina rangi ya chai na hakuna wa kuvikalia. Kikapu chako cha nyuzi kiko chini ya kitanda changu. Gauni limo humo.

Unakumbuka kijitabu kilivyoanza kututesa? Sukari ilikuwa imekwisha kula macho yako, ukabaki kuona mwanga wa dirisha tu. Lakini vidole vilikuwa vizima. Maisha yako yote ulifuma bila kusoma. Ukiona kitambaa kizuri kwa jirani unakigeuza nyuma mara moja, unashusha pumzi, ukirudi nyumbani unakitoa kama kilivyo. Gauni la mtoto ndilo ambalo hukuwahi kulifuma. Kadzo alipopata mimba, baada ya miaka ya kwenda na kurudi kwa madaktari, alikuletea uzi wa pamba wa rangi ya maziwa na kijitabu cha Kiingereza chenye picha. Ulikipapasa, ukanisukumia.

"Mwalimu, hii kazi yako. Wana wa watu umewafundisha Kiingereza mpaka ukastaafu. Nisomee na mimi."

Nikafungua, nikakuta herufi mbilimbili, namba, mabano na vinyota. Nikaanza kuzinong'ona moja moja.

"Unasoma au unasali?" ukaniuliza.

Nilimpigia simu mwalimu mwenzangu wa zamani aliyekuwa akifundisha ushonaji, akanieleza kila herufi ni nini. Hizi ni mnyororo, hizi ni fundo fupi, hizi ni fundo refu. Nikarudi kwako nikiwa na kiburi changu chote, nikakusomea. Ukafuma siku nzima, na shingo ya gauni ikatoka ngumu kama mkeka. Ukaikunja, ikakataa kukunjika. Hukukasirika. Uliniuliza tu, "Kwenye picha, hapo shingoni pana matundu?" Nikatazama. Yapo. "Basi Baba Kadzo, umenisomea kitu kingine. Huyu mtoto amekukosea nini hata umvalishe kikapu?"

Kumbe kijitabu kilichapishwa Marekani, na Wamarekani fundo refu huliita kwa jina ambalo Waingereza hulipa fundo fupi. Yule mwalimu alisomea Kiingereza cha Waingereza, kama mimi. Ulifumua yote, uzi ukaujaza mapajani, nami nikaukunja kuwa donge upya. Tukaanza tena. Sijui kama niliwahi kukwambia kwamba zile zilikuwa siku nzuri kuliko nyingi za ndoa yetu. Nilikuwa mtu wa shule, wa mikutano, wa madaftari ya kusahihisha. Sikuwahi kuketi karibu nawe hivyo, goti kwa goti, nikikungoja umalize mstari.

Kinyota nilikipenda hasa. Maana yake ni: fuma mpaka mwisho wa maneno haya, kisha rudi kwenye kinyota uanze tena. Gauni lile lilifumwa kutoka shingoni kushuka chini, kwa hiyo ukishapita makwapa, kazi yote iliyobaki ni kurudi kwenye kinyota mpaka urefu utoshe.

Tulikuwa tumefika makwapani mkwe wetu alipopiga simu. Nilikuwa kisimani. Alisema, "Baba, mtoto amekuja, lakini hakulia. Wa kike." Akaniambia Kadzo yuko hai, ametoka damu nyingi, na kwamba wanawake wa upande wake watamzika mtoto siku hiyo hiyo. Wewe unajua desturi yetu. Mtoto ambaye hakulia hana matanga. Hakuna watu wa kukaa nje, hakuna sauti, hakuna wa kuja kutoa pole. Laiti kungekuwa na matanga nisingeweza kukuficha hata mchana mmoja.

Nilikuja ndani nikiwa nimeazimia kukwambia. Ulikuwa umeketi kitandani, umegeuza sikio upande wa mlango.

"Ni nini?"

"Wa kike," nikasema.

Neno hilo lilikuwa kweli. Nilikuwa nimelitamka ili lile la pili lifuate. Lakini wewe uliweka sindano chini, ukasema, "Sidi," ukalitaja jina lako mwenyewe polepole kama unamwita mtu aliye ng'ambo ya shamba. Kisha ukacheka. Nilikuwa sijakusikia ukicheka hivyo tangu macho yalipozima. Lile neno la pili likakaa kooni mwangu, na limekaa humo mpaka leo.

Baada ya hapo arubaini ikanisaidia. Mzazi na mtoto wako ndani, hawatoki, hawapokei wageni. Ukataka kuongea na Kadzo kwa simu, nikakwambia mama mkwe wake hataki mzazi ashike simu mpaka arubaini itimie. "Wakwe wana mambo," ukasema, ukaniamini. Simu ilikuwa yangu. Kadzo alipopiga nilitoka nje, nikamsikiliza akilia, nikarudi ndani nikakwambia, "Wanakusalimu."

Ukataka habari. Anafanana na nani? Nikasema masikio ni yako. Anapenda kuoga? Hapendi, anakunja ngumi. Kila asubuhi nilikutungia kitu kipya: amepiga chafya tatu, amegeuza shingo kufuata mwanga, ana alama nyeusi nyuma ya goti. Uliyahifadhi yote. Kesho yake ukanirudishia, "Na ile alama ya gotini, haijafutika?" Mimi nami, Mungu anisamehe, nikaanza kumpenda yule mtoto niliyemtunga. Nilikuwa nikiamka nikifikiria leo atafanya nini.

Gauni likashuka. Likafika kiunoni, likafika pindoni, kijitabu kikasema: kata uzi, funga. Nilijua likifungwa utasema lipelekwe Shella, na litakaporudi jibu sitakuwa na la kusema. Kwa hiyo nikakusomea, "Rudi kwenye kinyota."

Ukarudi. Kesho yake nikasema tena, rudi kwenye kinyota. Na kesho yake.

Vidole vyako havikuwa vya kudanganywa. Siku moja ulilitandaza kitandani ukalipima kwa shubiri, kutoka begani mpaka chini, kisha ukalipima tena.

"Baba Kadzo, huyu mtoto mchanga au anaanza shule?"

Nikasema picha inaonyesha refu, la kubatizwa. "Mmh," ukajibu. Ukashika sindano ukaendelea kufuma. Hiyo mmh nimeifikiria miaka hii yote. Pengine ulijua. Mara nyingine najifariji kwamba ulijua, ukaniachia niseme mwenyewe. Mara nyingine naona hilo ni baya zaidi.

Kisha kuna ile siku ya muuza kaa. Utaikumbuka. Sauti ilisikika nje, kwenye ua, wewe ukainua kichwa ghafla, sindano ikasimama. Mimi nikatoka, nikakawia, nikarudi. Nikakwambia ni yule dada wa kutoka Dabaso anayepitisha kaa wa baharini.

"Mbona sauti yake ni ya kulia?"

"Ana mafua."

"Na hukununua hata mmoja?"

"Ni wadogo," nikasema.

Nitairudia siku hiyo. Nipe nafasi nimalize haya mengine kwanza.

Hukumaliza juma baada ya hapo. Ulianza kutapika, ukawa huli, na alfajiri ya mwisho ulikuwa unaita jina moja tu, nami sikuweza kujua ni la mtoto wetu au la yule aliyezaliwa, kwa maana mdomo wako ulikuwa mzito. Nililichomoa gauni mkononi mwako likiwa na sindano ndani ya kitanzi. Wanawake walipokuja kukuosha, mmoja akauliza, wakuzike nalo? Nikasema hapana, nikalitia kikapuni. Nilihofu Kadzo akiliona jenezani atauliza kwa nini gauni la mtoto mchanga limefika urefu ule.

Alikuja kwenye mazishi, amekonda, amefunga leso kifuani kwa nguvu. Alisimama upande wa kichwa chako mpaka watu wakamwondoa. Amepata mvulana baadaye. Ni kijana mwema, ana sauti kubwa. Lakini Kadzo hajawahi kuja hapa akalala. Huja mchana, huleta dawa na mchele, hupika, huondoka. Na kila anapokuja huniuliza swali lile lile, kama mtu anayebonyeza jino bovu: "Baba, kweli Mama alikuwa amelala?" Nami humjibu, alikuwa amelala.

Mwezi uliopita nilikitoa kikapu. Nikavaa miwani, nikafungua kijitabu, nikashika sindano yako. Mikono yangu inatetemeka sana, na kitanzi kimoja kilinichukua muda ambao wewe ungemaliza mstari mzima. Nimesoma maneno ya mwisho kama yalivyoandikwa, safari hii sikuongeza langu. Pindo langu ni baya, limevutika upande, ungelifumua bila kuniuliza. Lakini nimekata uzi. Nimefunga.

Kadzo atakuja Jumamosi. Nakuahidi, Sidi, nitamwekea gauni mapajani na nitamwambia kwa mdomo wangu mwenyewe, sitampa karatasi asome nikiwa nimegeukia ukuta. Namwomba Mungu anifikishe Jumamosi tu. Sina haja nyingine. Nikifika huko uliko, usiniulize habari za mtoto. Utakuwa umeshamwona, utamjua kuliko nilivyomtunga.

Lala salama, mke wangu. Nilikupenda vibaya, lakini nilikupenda.

Imebaki ile siku.

Dada wa Dabaso hakupita siku ile. Aliyekuwa kwenye ua ni Kadzo. Hakuwa na mtoto wa kumweka ndani, kwa hiyo arubaini haikumzuia. Alipanda gari peke yake kutoka Shella, akashuka barabarani, akatembea juani mpaka hapa. Leso yake ilikuwa imelowa kifuani kwa maziwa. Aliniambia, "Baba, nataka nilale na Mama leo tu." Nilisimama katikati ya njia. Nikamwambia wewe umelala, na ukiamka ukamkuta hivyo utakufa, na kifo hicho kitakuwa juu yake. Alinitazama, akageuka, akarudi barabarani. Hukuwa umelala. Ulikuwa macho, sindano mkononi, unauliza ni nani.