Santuri Iliyopinda ya Babu Yako

Mume wangu Deo,

Shikamoo yako imefika huku milimani Matombo, marahaba. Mama yako mdogo kajifungua salama, mtoto wa kike. Je, kikohozi chako kimeisha? Unakula vizuri?

Unauliza kwa nini santuri moja ya babu yako imepinda, na kama uitupe. Usithubutu! Aliyeipinda ni mimi.

Miaka ile ya Ujamaa viongozi walikataza muziki wa kizungu kijijini. Babu yako naye alikusanya santuri za vijana wa ng'ambo waliopiga magitaa kwa fujo, hata kwao hawakujulikana. Siku moja, yeye yuko shamba, nikasikia balozi wa nyumba kumi anakagua nyumba. Mimi bado bibi harusi! Nikazifunga santuri kwa majani ya mgomba, nikazificha kwenye shimo la kuvundikia ndizi.

Balozi akapita, hakuona kitu. Narudi shimoni, mama mkwe kashawasha moto ndizi ziive!

Nilizifukua nikilia. Zote zilipona isipokuwa hiyo. Nikasema, leo narudishwa kwetu.

Babu yako hakunigombeza. Aliiweka kwenye gramafoni, sindano ikawa inapanda na kushuka, wimbo unayumba. Akacheka mpaka akakaa chini.

"Rozi wee, sikia! Wazungu wameanza kupanda mlima wetu, wanahema!"

Nilipumua, mjukuu wangu. Hapo ndipo nilipojua nimeolewa na mtu.

Basi iache ilivyopinda. Na uvae sweta.

Ni mimi bibi yako,
Rozi