Orval Stroud, Aliyeruka Korongo Badala ya Binti Yake

Mwaka umetimia leo, Orval, tangu asubuhi ile ya Machi ulipoacha kikombe chako cha kahawa juu ya nguzo ya uzio, kama kawaida yako, ukaenda kazini usirudi.

Wengi wanaosoma gazeti hili hawakukujua wewe. Walimjua farasi. Kila Jumamosi jioni watoto wa nchi nzima walikaa mbele ya televisheni kumtazama yule mvulana na farasi wake wa rangi ya shaba, mwenye baka jeupe usoni, wakiwafukuza wezi wa ng'ombe. Hawakujua kwamba nyuma ya kamera alisimama mtu mwenye kofia iliyochakaa, akimwongoza farasi kwa mbinja. Mchezoni farasi aliitwa Mfalme. Wewe ulimwita Biskuti, kwa sababu siku aliyofika kwetu aliingiza kichwa dirishani akala biskuti zangu zote zilizokuwa zikipoa.

Mjeledi haukuwahi kuingia bandani kwako. Farasi akikataa kitu, ulikaa mchangani ukampa mgongo, ukangoja mpaka aje mwenyewe kukupumulia shingoni. Hata mimi uliniposa hivyo hivyo.

Dickie Farrow, mvulana wa mchezoni, aliogopa farasi kuliko mtoto yeyote wa California.

"Mzee Orval, ataniuma?" alikuuliza siku ya kwanza.

"Huyu? Meno yake ya karoti tu, mwanangu. Akila waigizaji anaumwa tumbo."

Dickie akacheka, akamgusa pua. Lakini alipanda farasi aliyesimama tu. Farasi akikimbia, aliyekuwa juu ni Arleta wetu, wa miaka kumi na mitatu, nywele zimekatwa kama za mvulana, shati jekundu la Dickie mwilini. Shuleni walimtania: "Hujambo, kaka?" Naye akawajibu: "Kaka yenu yuko kwenye televisheni. Nyie mko wapi?" Aliponisimulia, wewe ulicheka mpaka ukapaliwa na kahawa.

Wiki ile ya Machi mvua ilinyesha siku tatu mfululizo, na wenye mchezo walitaka Mfalme aruke korongo. Ulikwenda kulikagua, ukarudi na matope mpaka magotini.

"Ukingo wa ng'ambo umelainika," uliniambia.

Nikakushika mkono. "Basi Arleta asipande. Niapie, Orval."

Ukaniapia. Kiapo hicho ndicho ninachoamka nacho kila siku.

Kesho yake Bwana Haskell, mwongozaji wa mchezo, hakutaka kusikia. Arleta alikuwa karibu yenu, na yeye ndiye aliyenisimulia.

"Tungoje siku mbili, ardhi ikauke," ulimwambia.

"Siku mbili sina. Kama hutaki, yupo mwingine wa kumpanda."

"Huyo mwingine hamjui huyu farasi."

"Basi amua wewe."

Ulimgeukia mwanao. "Vua hilo shati."

"Baba, mimi mwepesi. Nitavuka."

"Vua, nimesema."

Shati likakugomea kifuani. Wakalipasua mgongoni, wakalifunga kwa kamba. Watu walicheka, nawe ukacheka nao. "Atakayeona kitambi," ulisema, "aseme ni upepo umeingia." Hayo ndiyo maneno yako ya mwisho tuliyobaki nayo.

Biskuti aliruka vizuri. Kila aliyekuwepo anasema hivyo. Alitua, ukingo ukakatika chini ya kwato zake, akaanguka chali, nawe chini yake. Daktari aliniambia hukuteseka. Arleta, aliyekuwa amekushika kichwa, anasema daktari ni mwongo. Biskuti alivunjika bega. Alihangaika matopeni akikutafuta kwa macho, na hapakuwa na mwingine wa kumtuliza. Wakampiga risasi pale pale.

Arleta ameacha nywele zikue. Banda halikanyagi. Anasema yeye mwepesi, angevuka, na leo ungekuwa hai. Mimi nasema ningekuapisha na wewe usipande, labda ungemwambia Haskell amlete huyo mtu wake, ukarudi nyumbani. Tunakaa mezani, kila mmoja na lake, na hakuna awezaye kumpokea mwenzake mzigo. Watu walituambia tuvumilie, mwaka ukipita tutapata nafuu. Haya, umepita.

Tulidhani picha waliyopiga ya mruko ule waliitupa. Hakuna aliyetuambia vingine. Arleta hajakosa Jumamosi hata moja mbele ya televisheni, anatafuta kivuli chako pembeni mwa picha za zamani, nami sikuwa na moyo wa kumkataza. Jumamosi iliyopita tulikuwa tumekaa na watoto wa jirani, na ghafla tukaona korongo. Tukakuona wewe kwa mbali, mgongo umeinama, shati jekundu, Biskuti amejinyoosha chini yako. Mkiwa bado hewani, picha ikakatika. Kufumba na kufumbua, Dickie alikuwa ng'ambo juu ya farasi mwingine, aliyepakwa chokaa usoni afanane na Biskuti, akipunga kofia na kucheka. Watoto wa jirani wakapiga makofi.

Arleta hakulia. Alinigeukia, uso umemng'aa kama zamani, akasema, "Mama, kumbe alivuka."



Unakumbukwa nami mkeo, Nadine. Na binti yako, Arleta. Na kaka yako Clete aliyeko Oklahoma, ambaye bado hawezi kutamka jina lako bila kuvua kofia. Dickie Farrow alituandikia barua, akaomba jina lake liwe pamoja na yetu. Tumeliweka.

Tutakukumbuka, Orval, siku zote tutakazopewa, hata hizi tusizozitaka.